Nyinyi mnaoanza kuokota plastiki ufuoni, sikizeni kidogo

Sahii naona vijana wengi wanashuka na magunia, kuanzia Watamu mpaka kule Kiwayu, na ni vizuri jamani, ila wengi wanaenda saa siyo na wanarudi wamebeba uzito wa bure, mimi pia nilianza hivo hivo.

Cha kwanza ni maji. Usiamke tu ukaenda. Ngojea bamvua, mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu ongeza siku moja mbili, hapo maji yanapanda mpaka chini ya mivinje, na kwetu hujaa kama saa kumi alfajiri, so ukifika saa kumi na mbili yanashuka na vitu vimelala kwa mstari wa mwani, mchanga haujavifunika na hakuna aliyekutangulia. Maji mafu, yale yasiyopanda sana, mimi nalala zangu. Halafu kuna msimu. Kaskazi unaokota sana taka za hapa hapa, chupa za soda na vikombe, lakini kusi likishika mwezi wa sita wa saba hivi unapata chupa zina maandishi ya Kiindonesia, zimevuka bahari yote hio.

Utajuaje imetoka mbali kweli? Igeuze. Ikiwa imeota vile vidude vya ganda jeupe vyenye kishingo cheusi kinateleza, imekaa majini muda mrefu. Ikiwa safi, lebo haijapauka na imeandikwa Kichina ama Kiarabu, hio mara nyingi kuna baharia kaitupa juzi tu akipita.

Chagua hapo hapo ufuoni, usingoje nyumbani. Mitungi migumu, vifuniko na maboya vina wanunuzi. Chupa ya maji iliyopigwa jua mpaka ukiifinya inavunjika, hio itoe ufuoni lakini usiipigie hesabu ya pesa. Ndara nazo msizidharau hata zikiwa za mguu mmoja, lile jahazi la Flipflopi la Lamu, 2018, lilivishwa ndara kama 30,000 na mwaka uliofuata likaenda kwa tanga mpaka Unguja.

Sasa mtungi uliofungwa. Usifungue. Nlipata mmoja wa buluu, lita 20, mzito, nikajiambia leo mafuta haya, nikauzungusha kifuniko na ukapumua ile "fsss" usoni mwangu, macho yakanitoka maji siku mbili, mwenzangu alikuwa ananimwagia maji ya dafu manake hatukuwa na maji mengine. Mpaka leo sijui ilikuwa nini. Na lile boya la duara lenye sola juu, la meli za jodari, kuna watu wanalipasua na panga watoe betri, betri ikitobolewa inaweza kushika moto mkononi, na boya lenyewe lina mwenyewe, kama ilivyo shehena yoyote ya meli, kwa hivo pelekea BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo, wajue.

Ah na ambari, ile ya nyangumi inayotiwa kwa manukato. Kila mgeni lazima aniletee "ambari" yake. Bonge jeupe, lina grisi, kashalificha chini ya kitanda na kashamwambia shemeji. Washa kiberiti, choma sindano, ichomeke halafu nusa. Zote nilizoletewa mpaka leo zimenuka mshumaa, nta tu ya matangi ya meli. Moja tulikata vipande tukawashia wakati stima zimepotea.