Ukitaka kuwasoma Homer na Sophocles kwa kina, chagua mistari michache ukae nayo

Nikizungumza na vijana wa fasihi kuhusu tenzi na tamthilia za Wagiriki wa kale, swali huwa lile lile: nianze na kitabu gani cha maelezo? Wanataka kwanza historia ya Ugiriki, nadharia ya tanzia, orodha ya miungu na nasaba zao, ndipo waifungue Iliadi, utenzi wa Homer juu ya vita vya Troya. Mimi nawashauri kinyume. Chukua sehemu moja ya Iliadi na tamthilia moja, uzisome kwa Kigiriki chake, polepole, mpaka swali likujie lenyewe. Wataalamu utawafuata baadaye, na utawaelewa kwa sababu utakuwa unajua wanabishania nini.

Ndivyo nilivyoingia mimi. Nilikuwa mwalimu wa fasihi sekondari, na Antigone, tamthilia ya Sophocles, nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza tu. Kozi ya Kigiriki cha Homer haikuwepo karibu nami. Kilichokuwepo ni chuo cha teolojia kilichofundisha Kigiriki cha Agano Jipya, nikaomba nikae nyuma ya darasa. Kama una chuo cha namna hiyo mjini kwenu, usikidharau. Alfabeti ni ile ile, mnyambuliko wa vitenzi unafanana sana, na ukishazoea kwamba jina hubadili mwisho wake kulingana na kazi yake kwenye sentensi, mlima mkubwa umeshaupanda. Kigiriki cha Homer kina mambo yake, bila shaka. Ni lugha ya washairi, iliyochanganya lahaja, hasa Kiionia na Kiaeolia, na hakuna aliyeisema hivyo nyumbani kwake. Kwa hatua hiyo ya pili kuna kitabu cha Clyde Pharr cha mwaka 1920, kinachomfundisha anayeanza kwa kutumia sehemu ya kwanza ya Iliadi moja kwa moja. Kinapatikana bure kwenye intaneti, na mimi ndicho kilichonivusha.

Soma kwa sauti tangu siku ya kwanza. Sisi tuliolelewa na tenzi tumezoea mizani nane kwa kila kipande na kina cha mwisho kinachofunga ubeti. Kwa Homer hakuna vina, na idadi ya silabi katika mstari hupanda na kushuka kati ya 12 na 17. Kinachopimwa ni muda: silabi moja ndefu inachukua nafasi ya fupi mbili, na mstari mzima una hatua sita. Gonga meza kwa kidole huku ukitamka. Ile mistari saba ya mwanzo wa Iliadi, inayoanza kwa kumwomba mungu wa kike aimbe hasira ya Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, ihifadhi kwa moyo hata kabla hujaielewa yote. Sikio likishaizoea, sarufi inakuja ikiwa imepungua uzito.

Baada ya hapo nakushauri uende sehemu ya tisa. Ina mistari 713 kati ya zaidi ya 15,000 ya utenzi wote, na karibu kila mgogoro mkubwa wa uhakiki wa Homer umepita hapo.

Hali ni hii. Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, amemnyang'anya Achilles mwanamke aliyepewa kama heshima yake ya vita, Achilles amesusa, na Watroya wamepiga kambi karibu na merikebu za Wagiriki. Mzee Nestor anashauri watumwe watu wakambembeleze. Anawataja kwa majina: Phoenix aliyemlea Achilles, kisha Ajax, kisha Odysseus, na wapiga mbiu wawili wa kuwasindikiza. Wajumbe ni watatu. Lakini wanapoanza kutembea kando ya bahari inayonguruma, vitenzi vinageuka na kuwa vya watu wawili. Kigiriki cha kale kina umoja, uwili na wingi. Aliyesoma sarufi ya Kiarabu anaifahamu muthana, yaani umbo la wawili. Hata Achilles anapowaona wakiingia, anawakaribisha kwa umbo hilo hilo la wawili.

Katika tafsiri huoni kitu. “Wakaenda,” basi. Katika Kigiriki unakwama pale pale, unarudi mistari kadhaa nyuma, unahesabu tena majina.

Kaa na mkwamo huo kabla ya kufungua kitabu cha mtu. Jaribu majibu yako mwenyewe. Je, wawili ni wapiga mbiu? Je, ni Ajax na Odysseus, na Phoenix ametangulia? Je, kulikuwa na wimbo wa zamani wa wajumbe wawili, kisha mshairi akamwingiza Phoenix bila kufuta alama za wimbo ule? Ukishajibizana na nafsi yako, ndipo usome kwamba jibu la tatu limetetewa kwa nguvu, na mtaalamu Denys Page katika mwaka 1959 ni mmoja wa waliolishikilia, na kwamba wengine wanalipinga vikali. Mimi naelekea kwenye jibu hilo la tatu. Ila kama kweli Phoenix aliingizwa, basi aliyemwingiza alikuwa mshairi mkubwa kuliko aliyemkuta. Hotuba ya mzee huyu ina mistari zaidi ya 170, na katikati yake anamkumbusha Achilles jinsi alivyompakata alipokuwa mtoto, akimkatia nyama, akimnywesha mvinyo, na mara nyingi mtoto akaucheua ukamlowesha vazi kifuani. Jemadari anayeogopwa na jeshi zima anakumbushwa hayo na mtu aliyemlea. Sijui hoja ya kubembeleza iliyo nzito kuliko hiyo katika utenzi wote, na bado Achilles anakataa.

Katika sehemu hiyo hiyo utakutana na jambo la pili. Odysseus akimaliza kusema, tunaambiwa kwamba akamjibu “Achilles mwenye miguu myepesi”. Amekaa kibandani. Hakimbii popote. Kwa nini miguu? Swali hili ndilo Milman Parry, Mmarekani aliyeandika tasnifu zake Paris mwaka 1928, alilolifuata hadi mwisho. Alionyesha kwamba virai hivi vinalingana na nafasi maalumu kwenye mstari, na kwamba kila shujaa ana kirai chake kwa kila nafasi, kama hazina aliyorithi mwimbaji anayetunga huku akiimba. Kati ya 1933 na 1935 akaenda Yugoslavia pamoja na msaidizi wake Albert Lord kuwasikiliza waimbaji walio hai, wakamrekodi Avdo Međedović akitoa wimbo mmoja wenye mistari zaidi ya 12,000. Parry alifariki mwaka 1935 akiwa na miaka 33. Lord akaichapisha nadharia yao kwa ukamilifu mwaka 1960.

Kisha soma makala ya mwana wa Milman Parry, Adam Parry, ya mwaka 1956. Anaichukua hotuba ya Achilles katika sehemu hii ya tisa na kudai kwamba Achilles anautumia ule ule urithi wa virai, lakini anauvunja kwa ndani, kwa sababu anataka kusema jambo ambalo lugha ya mashujaa haina nafasi nalo. Baba ameeleza hazina, mwana anauliza mtu afanye nini hazina isipomtosha. Ukiwa umesoma hotuba yenyewe kwa Kigiriki kwanza, mabishano haya yanakuwa yako.

Hapa ndipo sisi wa Afrika tuna neno la kusema, tena lenye uzito. Isidore Okpewho wa Nigeria, aliyesomea Kigiriki na Kilatini Ibadan, alichapisha mwaka 1979 utafiti wa tenzi za Afrika uliomweka Homer kwenye meza moja na waimbaji wetu. M. M. Mulokozi alichunguza tenzi za Wahaya zinazoimbwa kwa nanga, chombo cha nyuzi, waimbaji na chombo chao mkononi. Anayemsoma Homer bila kuwajua hawa amesoma nusu ya somo la utungaji simulizi.

Ushauri mwingine ambao hakuna aliyenipa mapema: soma chini ya ukurasa. Matoleo ya kitaalamu yana maandishi madogo chini, kwa vifupisho na Kilatini, yanayosema muswada upi una neno gani. Wanafunzi huyaruka. Usiyaruke, maana hakuna tulichonacho kilichotoka mkononi mwa Homer wala Sophocles. Tuna nakala za nakala. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, tafuta picha za muswada wa Iliadi wa karne ya 10 uliohifadhiwa Venice, unaoitwa Venetus A. Ulipigwa picha mwaka 2007 kwa ajili ya mradi wa Homer Multitext, na picha zake ziko wazi kwa kila mtu. Shairi liko katikati, na pambizo zote zimejaa maelezo yanayorithi kazi ya wasomi wa Aleksandria kama Aristarchus wa karne ya 2 KK, pamoja na alama za kuonyesha mstari upi ulitiliwa shaka. Maelezo hayo yalipochapishwa mwaka 1788, mtaalamu Mjerumani Friedrich August Wolf aliyatumia kuandika kitabu chake cha 1795, na swali la kama Homer alikuwa mtu mmoja likafunguka upya.

Kwa tamthilia, chagua Antigone. Tamthilia za Aeschylus na Euripides zitakuja, na vichekesho vya Aristophanes viache mpaka uwe umeizoea Athens yenyewe.

Jambo la kufanya ni kuchora. Chora mlango wa jumba nyuma, njia mbili za pembeni, korasi, yaani kundi la waimbaji, mbele, na kila mstari ujiulize nani yupo na nani amenyamaza. Miswada haina maelekezo ya jukwaa, na hata majina ya wasemaji si ya kuaminika sana. Mstari wa 572 ndio nilioutumia kuwafundisha wengine. Mfalme Creon ameshaamua Antigone afe kwa kumzika kaka yake, aliyekatazwa kuzikwa. Ismene, dada wa Antigone, anabishana na Creon mstari kwa mstari: utamuua mchumba wa mwanao Haemon? Creon anasema anachukia wanawake waovu kwa wanawe. Ndipo sauti inatoka: “Ee Haemon mpenzi, jinsi baba yako anavyokuvunjia heshima!”

Sauti ya nani? Miswada inasema Ismene. Toleo lililochapishwa Venice mwaka 1502 likampa Antigone, na wahariri wengi wakafuata, akiwemo Richard Jebb, mhariri wa Sophocles wa karne ya 19. Angalia mchoro wako. Antigone yupo jukwaani, amenyamaza kwa mistari kadhaa. Mstari ukiwa wake, basi mapenzi yanamtoka ghafla, mara moja tu katika tamthilia nzima. Ukiwa wa Ismene, basi Antigone hamtaji mchumba wake hata mara moja, na anapoelekea kaburini anasema ataolewa na Acheron, mto wa kuzimu. Mimi naufuata muswada. Majibizano ni ya Ismene na Creon, hakuna sababu ya kuyakata, na Antigone asiyemtaja Haemon ananitisha zaidi na kuniuma zaidi.

Kisha nenda mistari ya 904 hadi 920. Antigone anasema kwamba asingefanya haya kwa ajili ya mume wala mtoto, kwa maana mume mwingine hupatikana na mtoto mwingine huzaliwa, lakini wazazi wake wakiwa wamekufa hawezi kupata kaka mwingine. Mshairi Mjerumani Goethe alisema mwaka 1827 kwamba angefurahi mtaalamu angethibitisha maneno haya si ya Sophocles. Jebb hakuweza kuamini kwamba ni yake. Wanaoyakataa wanaonyesha kwamba hoja hiyo inafanana na kisa cha mwanahistoria Mgiriki Herodotus cha mke wa Intaphrenes, Mwajemi aliyehukumiwa kufa pamoja na jamaa zake; mke huyo alipewa nafasi ya kuokoa ndugu mmoja akamchagua kaka. Pale ina mantiki, wanasema, kwa sababu kaka alikuwa hai, hapa ameshakufa.

Lakini mwanafalsafa Aristotle anaikumbuka hoja hii katika kitabu chake Retorika na kunukuu mistari yake miwili kama ya Sophocles, bila shaka yoyote. Ushahidi huo ni wa karne ya 4 KK, mzito kuliko aibu ya msomaji wa karne ya 19. Mimi naamini mistari ni yake. Mtu anayepelekwa kufungiwa kaburini akiwa hai anatafuta sababu ya alichokifanya, na sababu anayoipata haitoshi kwa mantiki ya darasani. Nimesoma kifungu hiki na wanafunzi waliozika ndugu zao. Hakuna aliyeniuliza kwa nini Antigone anasema hivyo.

Kuhusu vifaa, siku hizi umaskini si kisingizio kikubwa kama zamani. Tovuti ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts ina matini na tafsiri bure, na ukibofya neno unapata umbo lake. Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago ina kamusi kubwa za Kigiriki, nayo ni bure, hata kwenye simu. Tovuti ya Chicago Homer inaonyesha virai vinavyojirudia, na kwa aliyemsoma Parry ni raha tupu. Maelezo ya Jebb juu ya Sophocles hayana tena hakimiliki. Jifunze Kijerumani cha kusomea, taratibu. Kazi nyingi za msingi ziko humo na hazijatafsiriwa. Na utafute hata mtu mmoja wa kusoma naye kila wiki kwa simu, kila mmoja akitamka mistari yake kwa zamu.

Ukipata fedha ya vitabu viwili tu, nunua toleo la Jasper Griffin la sehemu ya tisa ya Iliadi, la 1995, na la Mark Griffith la Antigone, la 1999. Kila kimoja kina matini ya Kigiriki na maelezo ya mstari kwa mstari. Anza na la Griffith kama Kigiriki chako ni cha teolojia: Homer ana maumbo mengi mapya, na mazungumzo ya Antigone yatakukubali mapema kidogo, ila nyimbo za korasi ziruke raundi ya kwanza.