Mashine ya Gemu Hotelini: Uliza Jikoni Kwanza

Wenye hoteli wengi wanaonipigia simu hapa Kisumu huanza na swali moja: mashine gani inaleta pesa? Nami huwauliza, chakula chako kinachukua muda gani kutoka jikoni hadi mezani? Wengine hudhani nakwepa. Sikwepi. Kazi yangu ni kuweka mashine za sarafu kwenye hoteli za watu na kugawana nao mapato, na sijaona kitu kinachoamua mapato hayo kama muda mteja anaokaa bila sahani mbele yake.

Chukua hoteli ya samaki. Mteja anaingia, anachagua ngege wake akiwa bado mbichi, kisha anaambiwa akae. Samaki akaangwe, arudishwe kwenye nyanya na kitunguu, ugali usongwe: hapo nusu saa inakwenda, na siku ya Jumapili hata zaidi. Wameshapiga soga, wameshaangalia simu, soda imefika nusu. Huo ndio wakati wa mashine. Sasa nenda kwenye hoteli ya chapati na maharagwe kando ya steji. Mtu anakula amesimamisha mawazo kwenye matatu yake, anafuta mdomo, ametoka. Ukimwekea gemu pale, kufikia mwisho wa mwezi itakuwa rafu ya trei za mayai.

Kwa hiyo unatafuta gemu inayoisha kwa dakika tatu au nne, na isiyohitaji kufundishwa. Mwaka 1972 kampuni ya Atari iliweka mashine yake ya kwanza ya Pong katika baa moja mjini Sunnyvale, California. Haikupita muda wakaitwa kwamba imeharibika. Fundi alipoifungua akakuta sarafu zimejaa chomboni hadi zimeziba njia. Ilikuwa gemu ya kurudisha mpira tu, mtu aliielewa akiwa bado amesimama nyuma ya mwenzake. Mashine ya mbio za magari yenye usukani ina sifa hiyohiyo, maana hakuna anayeuliza usukani ni wa nini. Gemu za ngumi nazo zina mashabiki, na wakipambana wawili sarafu huingia haraka kwa kuwa anayeshindwa ndiye anayelipa tena. Ila mashabiki hao huwa vijana walewale wa mtaa, na hawaagizi samaki.

Meza ya puli ndiyo kila mtu anayoitaka, basi nitakaa hapo kidogo.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba haitegemei stima. Unapanga sarafu kwenye trei, unasukuma, mipira inaporomoka. Stima ikipotea jioni, taa ya sola inatosha na mchezo unaendelea. Ubaya wake ni nafasi. Ile meza ya futi saba, ukihesabu na pande zote ambapo mtu atavuta fimbo nyuma bila kugonga ukuta au kichwa cha mteja, inataka karibu mita 5 kwa 4. Piga hesabu. Tuseme mchezo mmoja ni shilingi 20 na unachukua dakika kumi. Ikichezwa saa nzima bila kupumzika inakupa shilingi 120, ambazo bado mtagawana na mwenye meza. Kwenye nafasi hiyohiyo zingekaa meza nne za watu wanne wanne, na saa saba mchana sahani moja tu ya samaki inapita hizo 120. Mama mmoja wa Nyalenda alitaka nimwekee puli katikati ya ukumbi. Nikamwambia, "Mama, hiyo meza itakula wateja wako." Akanitazama, akazunguka nyuma ya jengo, akanionyesha uwanja wenye mabati ambako alikuwa anaanika nguo. "Hapa je, mwanangu?" Hapo sawa. Puli ni ya veranda, ya uwani, ya mahali ambapo hapakuwa na sahani.

Ukishaichukua, linda mpira mweupe. Katika meza za sarafu mpira huo huwa mkubwa kidogo kuliko mingine, au una chuma ndani kinachovutwa na sumaku, ndiyo maana ukitumbukia hurudi kwako huku mingine ikibaki imefungiwa. Ukipotea na kijana akaleta mweupe wa kawaida aliouokota kwingine, utaingia shimoni na kukaa humo na wenzake mpaka mtu alipe. Nunua wa akiba wa aina ileile siku unayoleta meza.

Vigari vya watoto, vile vya kupanda na kutikisika ukitia sarafu, ni habari fupi: Jumapili baada ya kanisa vinafanya kazi, Jumanne vinalala. Kiweke mahali mama anaweza kukiona akiwa amekaa, vinginevyo atasimama pale na chakula kitapoa, na mama ambaye chakula chake kimepoa harudi.

Sasa jambo ambalo nadhani ni la huku kwetu zaidi. Watu wanakula kwa mkono. Mtu ametoka kuchambua kichwa cha ngege, vidole vinang'aa mafuta, mtoto anamwita, anashika joistiki. Baada ya wiki chache vitufe vinaanza kunata. Ukivifungua unakuta chini yake tope la kijivu la mafuta, chumvi na ugali uliokauka, na swichi ndogo iliyo chini ya kitufe haibonyeki tena. Dawa yake ni mpangilio: weka mashine ng'ambo ya sinki la kunawia, ili mtu apite kwenye sabuni kabla ya kufika kwenye gemu. Nimehamisha mashine kutoka mlangoni hadi kando ya sinki na simu za "kitufe hakishiki" zikapungua sana. Walio karibu na ziwa wana kazi ya ziada, kwa sababu wale wadudu wa ziwani wakija kwa makundi hufuata mwanga wa skrini na kuingia hadi kwenye matundu ya feni. Zima skrini wakiingia, fagia, endelea.

Ukipewa mashine iliyotumika kutoka ng'ambo, geuza mgongo wake usome kibandiko cha umeme. Stima yetu ni volti 240. Za Japani ni 100 na za Marekani ni 120, kwa hiyo bila transfoma utasikia harufu kabla ya kusikia muziki. Hata ikiwa ni ya 240, weka gadi kama ile ya friji, kwa sababu stima ikirudi baada ya kupotea huja kwa nguvu.

Na sarafu zenyewe? Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 mifuko ya watu imezidi kuwa mikavu. Mteja ana pesa kwenye simu, hana shilingi 20 mkononi. Lazima keshia awe na bakuli la sarafu: mteja analipa kwenye till, anapewa sarafu, zinaingia kwenye mashine, jioni mnafungua sanduku na zinarudi bakulini. Ni sarafu zilezile zinazozunguka. Bakuli likiwa tupu mashine nayo imefungwa, hata kama inawaka. Mashine ya umeme ifundishwe sarafu zote mbili, zile za zamani zenye sura za marais na zile za wanyama zilizotoka Desemba 2018, maana zote zinatumika. Bado mara mojamoja utakuta ya Uganda ndani. Itunze, Busia si mbali.

Kuhusu zile mashine za bonanza, za kubahatisha pesa kwa sarafu, atakuja mtu na pikapu na kukuahidi kwamba moja inashinda meza tatu za puli. Kataa. Hiyo ni kamari, serikali imezikamata na kuzichoma hadharani zaidi ya mara moja, na mtoto aliyetumwa mkate akimaliza pesa kwako, mzazi atakujia wewe, si yule wa pikapu. Hata mashine ya kunasa midoli iangalie kwa jicho kali, kwa sababu mwenyewe anaweza kulegeza kucha zake apendavyo. Kwa gemu za kawaida pia, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti burudani za umma, basi pita ofisi ya leseni kabla mashine haijashushwa. Na uandike pale ukutani kwamba mwenye sare ya shule hachezi siku za masomo.

Mkikubaliana kugawana nusu kwa nusu, sanduku lifunguliwe mkiwa wawili na hesabu iandikwe kwenye daftari, sahihi mbili. Mashine nyingi zina kihesabu ndani kinachoongezeka kwa kila sarafu. Kisome kila mnapofungua na ulinganishe na pesa iliyo mezani. Ikipita miezi miwili na kihesabu hakisogei, mwambie mwenye mashine aje aichukue, urudishe viti.