Deni la Salfa na Adabu ya Kumdai Ndugu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tandahimba aliniandikia. Alimkopesha kaka yake pesa ya kupulizia mikorosho, wakakubaliana atarudishiwa baada ya mnada. Korosho zimeuzwa, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, imeshalipa, kaka kimya. Simu hapokei, na juzi kaonekana dukani akichagua bati. Kijana anauliza: "Dada, nimpeleke kwa mtendaji au nimwanike kwenye grupu la ukoo?"

Yote mawili acha. Nitakueleza sababu, tena kwa kirefu, maana hili lilinikwama kooni na mpaka leo nalikohoa.

Mimi nauza vitenge na kanga hapa Mtwara mjini. Mwaka 2018, kabla mikorosho haijatoa maua, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliteremka kutoka Newala na kapu la njugumawe. Watu wa kusini tunajuana: mgeni akija na njugumawe bila kutangulia kupiga simu, ana neno. Alitaka pesa ya salfa, dawa ya mikorosho. Usipoipuliza kwa wakati, ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unakaa kwenye maua, yanakauka, na wewe unabaki kuhesabu matawi. Nikatoa mtaji wa dukani, laki sita, mume wangu akishuhudia. Nikaandika kwenye daftari, naye akatia sahihi. Ndiyo, hata shemeji anatia sahihi, na sioni haya kulisema.

Msimu ule kila mtu wa huku anaukumbuka. Oktoba wakulima walizikataa bei za mnadani, Novemba Serikali ikatangaza kuzinunua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kuzisomba. Ukafuata uhakiki wa mashamba, na malipo yakawa ya kusubiri. Nami nikasubiri pamoja nao. Dukani hakuna aliyeuliza bei, kwani Mtwara pesa ya korosho ikichelewa, hata muuza ming'oko anarudi na sufuria lake limejaa. Sikumsumbua shemeji. Ningemdai nini wakati hajalipwa?

Mwishowe akalipwa. Nilijuaje? Alipita mbele ya duka na pikipiki mpya, akapiga honi, "Shikamoo shemeji!" bila kushuka. Nikaitikia marahaba, nikaendelea kumkunjulia mteja kitenge. Mwenzangu wa duka la pili alikuwa anajua habari yote, akanitazama aone nitafanya nini. Sikufanya kitu. Wengi huharibu hapo hapo: neno moja la barabarani, na kesho mjini kote unaitwa mwanamke aliyemvua nguo shemeji yake.

Tulikwenda kwa mjomba wao. Kwa Wamakonde, kama ilivyo kwa Wayao na Wamwera, ukoo kwa asili unafuata upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito ambao hata barua ya mtendaji haina. Na kwenda kwa mjomba kuna taratibu zake. Hatukuanza na deni. Tulisalimia, tukauliza shamba, tukala ugali wa muhogo na kisamvu, kisha mume wangu ndiye aliyefungua mdomo. Mimi ni mke, hata kama pesa ni yangu. Kuna dada zangu wa mjini watanicheka hapa. Wacheke tu, ila mimi nilisikilizwa.

Mjomba akamwita. Barazani pale ndipo ukweli ulipotoka: wakati wa palizi nyumbani kwake unga ulikwisha, akauza kangomba. Alichukua pesa kidogo kwa korosho zilizokuwa bado mtini, kwa bei ya kumtupa, na walanguzi wenyewe walipokuja kuchukua chao alibaki na magunia ya kuhesabika. Ile Sh3,300 aliisikia redioni kama wengine. Pikipiki nayo ilikuwa ya mkopo, atafute riziki ya bodaboda. Aliona aibu kuniambia, ndiyo maana ya ile honi.

Nilimwelewa. Kumsamehe lilikuja baadaye, na sina hakika limekuja lote. Mjomba akaamua alipe kidogo kidogo kila msimu, na kwa kweli alianza kulipa.

Kilichoniuma ni wifi yangu. Kwenye arobaini ya mzee mmoja, tukiwa tunachambua mchele, akasema kwa sauti ya kusikika kuwa kwangu huingii bila daftari. Wanawake wakacheka. Nikainama na ungo wangu. Daftari hilo ndilo lililopulizia mikorosho ya kaka yake, lakini msibani hapajibiwi.

Kwa hiyo wewe mdai, shika adabu. Usidai msibani. Usidai kwenye ngoma ya mwanawe akitoka unyago, wala mbele ya mkewe, wala kwa ujumbe wa sauti usiku. Nenda kwa mjomba. Kama mjomba amefariki, yupo mdogo wake, nenda kwake. Ukifika, kula kwanza.

Na ninyi mnaokopa, mna dhambi moja kubwa: kimya. Siku hizi salfa ya ruzuku ipo, lakini mpulizaji bado anataka ujira na mashine inataka mafuta, kwa hiyo mtaendelea kutujia na njugumawe zenu. Njooni. Ila mambo yakiharibika, njooni vilevile, mikono mitupu, mseme. Mtu anayekudai akikusikia kwa mdomo wako atakuongezea miezi. Akikuona dukani unachagua bati, hata Mungu atamsikiliza yeye kwanza.

Kijana wangu, kabla ya Desemba, shule hazijafungwa na ngoma hazijaanza kumeza pesa, panda bodaboda uende kwa mjomba wako. Kuhusu bati usiseme, mwache kaka yako alitaje mwenyewe.

Na shemeji, najua unanisoma. Imebaki elfu tisini.