Natoka jeshini, nani atalipia kuhama?

SWALI: Shikamoo dada. Namaliza mkataba wa miaka minne katika jeshi la Marekani, Fort Bliss, Texas. Chuo nimepata Minneapolis, ila nilijiandikisha jeshini nikiwa Dallas. Mizigo ataisafirisha nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Jeshi hulipia umbali wa kukurudisha ulikojiandikishia, yaani Dallas. Ukipitiliza, gharama ya ziada ni yako. Una siku 180 tangu utoke za kusafirisha mizigo, lakini nenda ofisi ya usafirishaji kabla hujavua gwanda. Tena, posho ya nyumba ya GI Bill, ule mpango wa serikali wa kuwasomesha waliotoka jeshini, huingia mwezi ukishakwisha. Mimi niliisubiri wiki tano nikilalia begi la jeshi, wali na maharage kila siku. Weka kodi ya miezi miwili pembeni. Na kama una kochi, liuze hukohuko.