Muulize Fundi Bunduki: Risasi za shemeji, alizeti ndani ya bastola, na ala ya ngozi

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nusu yake zinauliza bei ya silaha. Hizo sizijibu, mimi ni fundi, si dalali. Nimechukua tatu. Ya kwanza itakula karibu ukurasa wote, na wenye nyingine watanisamehe.

Shikamoo Mzee. Nina bastola ya milimita 9, ninaimiliki kihalali. Shemeji yangu anaishi Texas, na huko anajitengenezea risasi mwenyewe gereji kwake. Alipokuja Krismasi alinionyesha picha za mashine yake, akasema anaweza kuniletea ndogo kwenye begi pamoja na baruti kidogo. Risasi dukani ni ghali, na nikienda kulenga shabaha mara mbili tu mfuko unalia. Maganda yangu yaliyotumika ninayo kama 300 kwenye ndoo. Je, naweza kufanya kazi hii nyumbani, na nianzie wapi? – Msomaji wa Njiro, Arusha

Marahaba mwanangu. Shemeji yako hakukudanganya. Huko Marekani mtu anaruhusiwa kujijazia risasi za matumizi yake mwenyewe, na watu wanaifanya kazi hiyo kama wengine wanavyofuga kuku. Kuna kampuni kama RCBS, iliyoanza mwaka 1943, zinazoishi kwa kuuza vifaa hivyo tu.

Nitakueleza anachofanya, maana hutatulia mpaka ujue. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa. (Nasema fataki ile ya kuwasha baruti, si yule fataki wa matangazo ya redio anayenyemelea wanafunzi.) Risasi ikishafyatuliwa, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa. Kinachobaki ni ganda, na ganda la shaba ndicho kitu cha gharama. Shemeji analiokota, analisugulia kwenye pipa linalotikisika lenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Ndiyo, magunzi haya haya tunayowashia moto, wenzetu wanayanunua kwa paketi. Kisha analibana lirudi kipimo chake, maana likifyatuliwa hutanuka. Anang'oa fataki iliyokufa, anapachika mpya, anapima baruti kwa mizani inayosoma grein, anaweka kichwa na kukikaza. Grein moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Mizani ya duka la dhahabu, siyo ya kupimia sukari.

Sasa wewe. Hapa kwetu huwezi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali kwa mtu yeyote anayetengeneza risasi, na leseni uliyonayo ni ya kumiliki bastola na kununua risasi zake, siyo ya kuwa kiwanda. Kutengeneza risasi ni kazi ya watu kama Shirika la Mzinga kule Morogoro, wenye majengo, vipimo na walinzi. Ukikutwa na fataki na baruti kwenye kabati la jikoni, hutaeleza habari za kulenga shabaha ukaeleweka. Tena mwambie shemeji leo, kabla hajafunga begi: baruti na fataki haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria, si begi la mkononi wala la chini. Atakamatiwa huko huko kwao kabla hajafika kwetu.

Najua unasema moyoni, mzee huyu ananitisha kwa sheria. Basi tuiweke sheria pembeni, nikupe sababu ya fundi.

Risasi ya milimita 9, aliyoibuni Georg Luger zaidi ya miaka 120 iliyopita, ni kaganda kadogo mno. Kipimo cha juu cha msukumo ndani yake ni paundi 35,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la Fuso linajazwa paundi 100 na kidogo, na umeona linachofanya likipasuka barabara ya Namanga. Kwa sababu ganda ni dogo, nafasi iliyobaki juu ya baruti ni finyu, na kichwa kikizama ndani kupita kipimo kwa unene wa ukucha tu, msukumo unapanda. Halafu kuna baruti za bastola zinazotumika kidogo sana kwa kila risasi, kiasi kwamba ukikosea ukamimina mara mbili, zote zinaingia na kichwa kinakaa vizuri juu yake. Kwa nje huoni tofauti. Risasi hiyo itakaa kwenye boksi imependeza kama wenzake.

Nisimulie jambo moja hapa, mhariri akipenda atalikata.

Baba yangu alikuwa na gobore kule Ugweno, la kufukuzia nyani na nguruwe pori kwenye mahindi. Gobore hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kitambaa, vyuma, kitambaa tena, na mdeki, ile fimbo ya kushindilia, unasukuma yote chini. Jioni moja mwaka 1968, nikiwa na miaka tisa, nilikuwa nimemshikia pembe ya baruti. Alimimina. Kabla hajashindilia, jirani akaita kutoka njiani kuulizia zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, nani anafungua alfajiri. Unajua mazungumzo ya zamu ya maji Upareni yanavyokuwa. Hayana dakika mbili. Aliporudi alinyoosha mkono, nami nikampa pembe, akamimina tena. Mimi niliona. Nilidhani mtu mzima anajua anachofanya, nikanyamaza.

Usiku nguruwe waliposhuka, gobore lilipasuka pale karibu na kitako. Dole gumba la mkono wa kushoto halikuonekana tena. Asubuhi mama alikuta kipande cha chuma kimezama kwenye mgomba, akakiacha humo.

Baba hakuacha kulinda shamba. Alipopata gobore jingine, kitu cha kwanza alichofanya ni kuuchonga mdeki alama mbili kwa kisu. Alama ya kwanza: mdeki ukiingia mpaka hapo, mtutu ni mtupu. Ya pili: umeshindiliwa. Kila jioni aliuchomeka na kuisoma alama kwa kidole, hata kama alikuwa na uhakika. Hasa kama alikuwa na uhakika.

Huyo ni mtu aliyekuwa akishindilia shoti moja kwa jioni. Shemeji wako anajaza 100 kwa saa, simu ikiita katikati. Ana taa juu ya meza, anachungulia kila ganda kabla ya kufunika, nami sina ubaya naye. Lakini ana duka la vipuri, kitabu cha vipimo cha mwenye kutengeneza baruti, na chama cha wenzake wa kumkosoa. Wewe una ndoo ya maganda.

Kuna upande wa pili wa kosa hilo, nao unakuhusu hata kama unanunua risasi za kiwandani, kwa hiyo usiuruke. Ni risasi isiyo na baruti, au yenye baruti iliyoloa. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa mpaka ndani ya mtutu kikakwama. Utasikia mlio mdogo, kama mtu amepiga kofi kwenye mto, na mkono hautarudi nyuma. Simama hapo hapo. Elekeza mtutu kule kule ulikokuwa unalenga, toa magazini (kile kibweta cha risasi), fungua slaidi (lile gamba la juu linalorudi nyuma), hakikisha chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu, kisha fungua bastola na uangalie mwanga ndani ya mtutu kwa upande wa nyuma. Usipouona mwanga, ulete mtutu kwa fundi kama ulivyo. Anayefyatua ya pili ili "kuisukuma ya kwanza" ndiye anayeniletea mitutu iliyovimba kama chatu aliyemeza mbuzi. Ninayo miwili karakana, ya wateja wawili, wote walisema hawakusikia kitu.

Kama ni gharama inayokuuma, fyatua chache kwa makini. Nusu ya mazoezi ya kulenga ni mkao na kidole, na hayo unaweza kuyafanya na bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine kabisa, siyo mezani.

Shikamoo baba. Nina duka la nafaka Mbuyuni, Moshi. Bastola yangu ilinigomea nilipokwenda kufanya mazoezi: ganda la kwanza lilibana, halikutoka. Huwa naipaka mafuta ya alizeti kila Jumapili maana fundi cherehani aliniambia ni mepesi na hayanuki. Tatizo ni nini? – Mama wa nafaka

Marahaba mama. Tatizo ni fundi cherehani.

Mafuta ya kula yakikaa hewani hugeuka gundi. Angalia shingo ya chupa ya alizeti jikoni kwako, pale yanapomwagikia kila siku: yananata, na kidole hakitoki kirahisi. Ndicho kilichomo ndani ya bastola yako, tena kimechanganyika na vumbi la pumba, ambalo dukani kwako linakaa hewani kutwa nzima. Kile kijino kinachong'oa ganda kina springi ndogo nyuma yake. Kikizungukwa na uji wa namna hiyo hakikamati. Bastola haina ubaya wowote. Inataka kuogeshwa.

Kwanza ivue risasi, na mpangilio una maana: toa magazini, ndipo uvute slaidi. Ukivuta slaidi kwanza halafu ukatoa magazini, utakuwa umetupa risasi moja nje na kuingiza nyingine chemba kwa mkono wako mwenyewe, na utaamini ni tupu. Chungulia, kisha ingiza kidole kidogo upapase chemba. Macho hudanganya taa ikiwa hafifu. Risasi zote ziondoke chumbani.

Ifungue kama kijitabu chake kinavyoonyesha, na usipite hapo. Springi za ndani niachie mimi. Sugua mtutu kwa brashi ya shaba yenye dawa ya kusafishia silaha, ukianzia nyuma kwenda mbele, siyo kwa mdomo, kwa sababu ukingo wa mdomo ukikwaruzika risasi hupinda njia. Fuatisha vipande vya fulana ya pamba mpaka kitoke kisafi. Kwenye kile kijino na kwenye reli za slaidi tumia mswaki wa zamani. Petroli hapana. Nimeshazima moto mmoja wa petroli karakana na nyusi zangu hazikurudi sawa.

Mafuta yawe ya silaha, tone moja kila reli, ulisambaze kwa kidole, basi. Watu wa hapa Moshi wanapaka mafuta silaha kana kwamba wanampaka mtoto baada ya kuogeshwa. Magazini ndani iwe kavu kabisa, maana mafuta humo yanakusanya pumba, na yakifika kwenye risasi yanapenya polepole mpaka kwenye fataki na kuiua. Siku utakayoihitaji itasema "ti" na kunyamaza.

Fanyia kazi hiyo nje au dirishani, siyo meza ya kulia. Masizi yale yana risasi, nasema madini yenyewe, na hayo yanaingia mwilini na hayatoki upesi. Nawa kwa sabuni na maji baridi kabla hujamshika mjukuu. Vitambaa vitupe, usivirudishe jikoni.

Mzee, nafanya biashara ya madini Mererani na kulala Arusha. Bastola nimeihifadhi tangu masika kwenye ala yake ya ngozi ndani ya kabati. Nimeitoa juzi ina madoa ya kutu upande mmoja. Ala ni mpya na ya bei mbaya. – Mfanyabiashara

Ala ni ya kubebea, si ya kulalia. Ngozi hunywa unyevu wa hewa kama sifongo, na baadhi ya dawa za kutengenezea ngozi zinakula chuma. Ongeza chumvi ya jasho lako la Mererani iliyoingia humo miezi yote. Madoa yamekaa upande unaogusa ubavu wako, sivyo? Nilijua.

Kutu changa sugua na mafuta na kitambaa kigumu, taratibu; ikigoma usiikwangue na msasa, ilete. Bastola iwekwe kwenye sefu la chuma lililofungwa, bila ala, na vifuko vya chembe za kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mchele hapana, unaacha unga. Ala ining'inize ipigwe na upepo, siyo jua la mchana.

Na huyo wa Mbuyuni, mama, ukija karakana ulizia mdeki wenye alama mbili. Uko ukutani juu ya jiliwa, nao si wa kuuza.