Maswali ya Wasomaji: Dhahabu Ikishauzwa, Nchi Hubaki na Nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kahama. Katika somo la jiografia tunafundisha kwamba madini huchangia uchumi wa nchi zinazoendelea kwa kuleta fedha za kigeni, kodi na ajira. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza: kama ni hivyo, mbona babu yake, aliyezaliwa na kuzeekea juu ya dhahabu, bado anachota maji kisimani? Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Je, dhahabu inapouzwa nchi hupata nini hasa, na hicho inachopata hupitia wapi?

JIBU: Mwalimu, mfikishie kijana huyo salamu zangu, kwa maana ameuliza jambo ambalo vitabu vya kiada hulipita kando. Neno “kuchangia uchumi” limebeba maana tatu, na sisi tumezoea kuzitamka kana kwamba ni moja.

Maana ya kwanza ni pato la taifa. Sekta ya madini ilichangia asilimia 10.1 ya pato la taifa la Tanzania mwaka 2024, nayo ni hatua kubwa, lakini tarakimu hiyo haimaanishi kwamba fedha hizo zote ziliingia Hazina. Pato la taifa hupima thamani ya kila kinachozalishwa ndani ya mipaka bila kuuliza faida ni ya nani. Faida ya mwenye hisa anayeishi Toronto imo katika hesabu hiyo sawasawa na mshahara wa dereva wa Kahama. Maana ya pili ni fedha za kigeni. Dhahabu iliiingizia nchi zaidi ya dola bilioni 3 mwaka huo, nazo ndizo huwawezesha wafanyabiashara kuagiza mafuta, dawa na vipuri, ingawa sehemu ya dola hizo hurudi nje kulipia mitambo ya migodi yenyewe, mikopo yake na faida ya wawekezaji. Maana ya tatu, ambayo ndiyo inayomhusu babu wa mwanafunzi wako, ni kile kinachofika katika mfuko wa umma.

Tuchukue dhahabu iliyouzwa nje ya nchi kwa shilingi 100. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2017, shilingi 6 ni mrabaha, yaani malipo ya nchi kama mwenye madini, na shilingi 1 ni ada ya ukaguzi; sehemu nyingine ndogo, isiyozidi senti 30, ni ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri. Makato haya hutoka kwenye mauzo yenyewe, mgodi uwe umepata faida au hasara. Baada ya hapo ndipo inapokuja kodi ya mapato ya kampuni, asilimia 30 ya faida, na hapo ndipo pia hesabu huanza kuwa ngumu, kwa sababu faida ni kile kinachobaki baada ya kuondoa gharama, na anayeziandika gharama hizo ni kampuni. Kampuni ya hapa ikikopa kwa kampuni dada iliyoko ng’ambo kwa riba kubwa, au ikinunua kwake huduma za usimamizi na teknolojia kwa bei ambayo hakuna mtu mwingine wa kuilinganisha nayo, faida huhamia huko bila kuvunja sheria yoyote iliyo wazi. Ukiongeza haki ya kurejesha kwanza mtaji uliowekezwa, utaona jinsi mgodi unavyoweza kuchimba miaka mingi, ukalipa mrabaha na kodi za mishahara ya wafanyakazi wake, lakini usilipe kodi ya mapato ya kampuni. Mamlaka ya mapato isiyo na wataalamu wa kuzipekua bei hizo hupokea kile inacholetewa.

Kwa nini tulianza na masharti mepesi? Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilitungwa wakati wakia moja ya dhahabu iliuzwa kwa chini ya dola 300 na nchi ilikuwa na njaa ya mtaji, kwa hiyo mrabaha wa asilimia 3 ulionekana kuwa bei halali ya kumvutia mgeni. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, kisha bei ikapanda hadi kuvuka dola 1,000 mwaka 2008, nasi tukawa bado tumekaa na mrabaha ule ule. Sheria ya mwaka 2010 iliupandisha kuwa asilimia 4 na kuutoza kwenye mauzo ghafi, yaani kabla ya kuondoa gharama. Asilimia 6 ya sasa ilikuja miaka saba baadaye.

Mwaka huo wa 2017 ndio wa sakata la makinikia, na wanafunzi wako wanastahili kulielewa kwa kuwa sehemu yake ilitokea mlangoni kwao. Mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha kutoka Bulyanhulu na Buzwagi ulikuwa ukisafirishwa kwa makontena kwenda kuyeyushwa nje ya nchi. Serikali ilizuia usafirishaji huo, makontena 277 yakakamatwa, kamati mbili zilizoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma na Profesa Nehemiah Osoro zikapima na kukokotoa, na kampuni iliyomiliki migodi hiyo ikazikataa tarakimu zao. Mazungumzo yaliyofuata yalizaa kampuni ya ubia ya Twiga, ambamo serikali ina hisa za asilimia 16 bila kuzilipia mtaji, na ambamo pande zote mbili zilikubaliana kugawana sawa manufaa ya kiuchumi, pamoja na malipo ya dola milioni 300 ya kumaliza mgogoro. Watu bado wanabishana nani alikuwa na tarakimu sahihi. Kwangu mimi uchungu uko mahali pengine: kwa zaidi ya miaka 15 tulikuwa tukiuza kitu bila kuwa na maabara na mamlaka ya kukipima sisi wenyewe mpaka tukaridhika.

Sasa nakuja kwenye kiini cha jibu langu, ambacho ningependa ukiandike ubaoni. Mkulima akiuza mahindi ameuza mavuno. Shamba linabaki na msimu ujao atapanda tena. Nchi ikiuza dhahabu imeuza kipande cha shamba lenyewe. Buzwagi ilifunguliwa mwaka 2009 na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Dhahabu ile haitaota tena, na sasa unatekelezwa mpango wa kuligeuza eneo hilo kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Kwa hiyo kila shilingi ya mrabaha tunayoila kwa posho, mafuta ya magari na semina ni shamba tulilolila. Babu anaweza kuendelea kuchota kisimani huku takwimu zote za uchumi zikiwa za kweli, ikiwa fedha zilizofika hazikugeuzwa kuwa kitu cha kudumu badala ya ile dhahabu: bomba la maji, barabara, hospitali, na zaidi ya vyote elimu ya mjukuu wake.

Darasa lako lina njia ya kulifuatilia jambo hili. Tanzania ilijiunga mwaka 2009 na mpango wa kimataifa wa uwazi katika uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi, na taasisi yake ya hapa nchini, TEITI, huchapisha taarifa zinazolinganisha kile ambacho kampuni zinasema zimelipa na kile ambacho serikali inasema imepokea. Zisomeni, kisha mwombe mhasibu wa halmashauri awaonyeshe ushuru wa huduma wa mwaka mmoja na vifungu ulikotumika.

SWALI: Ninaandika kutoka Lubumbashi. Dunia nzima inasema magari ya umeme hayawezi kutembea bila kobalti yetu. Kama sisi ndio wenye mali, kwa nini bei haiko mikononi mwetu?

JIBU: Ndugu yangu, ni kweli kwamba Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani, na kwa hesabu ya kawaida ya sokoni mwenye sehemu kubwa namna hiyo angetakiwa kuamua bei. Kuna vizuizi viwili. Cha kwanza ni kwamba kobalti ya Kolwezi na Tenke huchimbwa pamoja na shaba. Shaba ikiwa na bei nzuri, migodi huongeza uzalishaji, na kobalti hutoka hata kama hakuna anayeihitaji. Hivyo ndivyo soko lilivyofurika baada ya mwaka 2022 na bei ikaporomoka. Cha pili ni kwamba sehemu kubwa huondoka ikiwa haidroksaidi, yaani bidhaa iliyosindikwa nusu, na usafishaji unaoifanya ifae kwa betri hufanyika China. Mwenye kiwanda cha kusafisha anaweza kujaza maghala bei ikiwa chini na kusubiri, lakini waziri wa fedha anayesubiri mrabaha wa mwezi huu hana subira hiyo.

Hata hivyo serikali ya Kinshasa haikukaa kimya. Kwa kanuni ya madini ya mwaka 2018 kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati na mrabaha wake ukapanda hadi asilimia 10. Februari 2025 mauzo ya nje yalisimamishwa, na kuanzia Oktoba yakafunguliwa kwa mgao maalumu kwa kila kampuni. Bei ilipanda. Naona hatua hiyo ilikuwa ya haki, lakini ina kikomo chake: bei ikizidi kupanda, watengenezaji wa betri huhamia aina zisizotumia kobalti kabisa, nazo zimekwisha kuenea.

Ningekuomba uitazame kwa makini zaidi sehemu nyingine ya kanuni hiyo hiyo, isiyozungumzwa sana. Mrabaha hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Aliyeandika kifungu hicho cha mwisho alielewa kwamba mnauza shamba. Mjadala wa bei huchezwa mbali na kwenu, lakini ile asilimia 15 inatakiwa kuonekana mtaani, na mwananchi ana haki ya kuuliza iko wapi.

SWALI: Wahadhiri wetu hapa Dodoma huisifu Botswana kila wanapozungumzia rasilimali. Je, sifa hizo zingali na ukweli?

JIBU: Nyingi zina ukweli. Botswana ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, na mwaka uliofuata almasi ikagunduliwa Orapa. Jambo ninalolistahi kuliko yote lilifanyika wakati huo huo: haki za madini ziliwekwa chini ya dola kwa niaba ya taifa zima, ilhali Orapa ilikuwa katika eneo la Wangwato, kabila la Rais Seretse Khama mwenyewe. Angeweza kuwatengea watu wake neema hiyo, naye hakufanya hivyo. Fikiria ni nchi ngapi zimemwaga damu kwa kugombea swali hilo moja. Kisha wakarudi mezani na De Beers, kampuni ya kigeni iliyochimba almasi hizo, na hisa ya serikali katika kampuni ambayo leo inaitwa Debswana ikapanda kutoka asilimia 15 hadi 50 kufikia katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1994 wakaanzisha Mfuko wa Pula wa akiba nje ya nchi, na wakajiwekea kanuni kwamba mapato ya madini yatumike kwa maendeleo, elimu na afya, wala yasilipie matumizi ya kawaida ya serikali. Janga la UKIMWI lilipowakabili, waliweza kuanza kutoa dawa bure kwa wananchi mwaka 2002, wakisaidiana na wafadhili.

Ila waliligeuza shamba lao kuwa barabara, shule na akiba bila kufanikiwa kupanda zao la pili. Almasi iliendelea kuwa sehemu kubwa mno ya mauzo yao ya nje, ajira za vijana zikabaki chache, na pengo kati ya tajiri na maskini likawa miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Almasi zinazotengenezwa maabara zilipoingia sokoni kwa bei ndogo, uchumi ulisinyaa mwaka 2024, na katika uchaguzi wa mwaka huo chama kilichotawala tangu uhuru kikaondolewa madarakani. Nakushauri uisome Botswana mpaka mwisho, maana uongozi safi uliwapa zaidi ya miaka 50 ya utulivu, na bado biashara ya vito katika masoko ya mbali ina uwezo wa kuwayumbisha.

SWALI: Mimi ni mama mfanyabiashara Mtwara. Wazee wetu husema gesi ingeachwa ardhini wajukuu waikute. Je, wamekosea?

JIBU: Mama, hawakukosea kuwakumbuka wajukuu. Lakini gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na haikuanza kutumika hadi 2004. Katika miaka hiyo 30 ya kukaa ardhini haikupungua, lakini nchi iliendelea kuagiza mafuta na kukaa gizani mvua zilipogoma kujaza mabwawa. Baadaye gesi hiyo, pamoja na ile ya Mnazi Bay, iliendesha sehemu kubwa ya umeme wa nchi, na huo ndio mchango ambao nauheshimu zaidi, kwa sababu rasilimali ilitumika kuwasha viwanda na nyumba za hapa hapa.

Gesi ya kina kirefu cha bahari, ile inayosubiri mradi wa kuisindika Lindi kwa ajili ya kuuzwa nje, ni habari nyingine, na hapo ndipo wasiwasi wa wazee wenu unapostahili kupewa nafasi. Sheria ya mwaka 2015 ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi ilianzisha mfuko maalumu wa kuyatunza, na sheria za mwaka 2017 zimelipa Bunge uwezo wa kupitia mikataba ya rasilimali na kudai masharti kandamizi yajadiliwe upya. Mbunge wako atakapokuja, muulize ndani ya mfuko huo kuna kiasi gani leo, na ni lini aliwahi kuomba kuuona mkataba.