Kabla Hujaketi Nasi Kuandika

Ukija kwenye kikao chetu cha kuandika hapa Lamu, utaulizwa swali moja kabla kikombe cha kahawa hakijakufikia: leo unaandika nini? Hatuulizi kipaji chako wala umechapisha wapi. Tunataka jibu dogo linaloshikika: beti tatu za utenzi, ukurasa wa mazungumzo kati ya mama na mwanawe, sehemu ya mwisho ya makala. Mmoja wetu huliandika kwenye daftari la kikao mbele ya jina lako, kisha tunanyamaza, kila mtu na kazi yake. Mwisho wa kipindi daftari hufunguliwa tena na kila mmoja husema amefika wapi. Kuwajibishana kwetu kote kumo humo.

Nakuandikia wewe uliyekuja na muswada ulioanza kwa nguvu ukakwama katikati. Wengi huja hivyo. Huamini kwamba ari imewakimbia, na wamekaa miezi wakiingoja irudi. Kwa nilivyoona kwa watu wa kila namna, wenye kipaji kikubwa na wa kawaida, ari huja baada ya mtu kuanza kazi. Kinachotangulia ni mtu anayekungoja mahali fulani, saa fulani. Ukijua mwenzako ameshaketi kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, na amekuwekea nafasi pembeni yake, utatoka nyumbani hata siku ambayo hadithi yako inakuchosha kuiona.

Hili ni jambo la kwetu tangu zamani. Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi wa kike wa visiwa hivi, alipotunga utendi wake mwaka 1858, aliutunga akiwa mgonjwa, na aliutunga kwa ajili ya binti yake. Alijua uso wa atakayeupokea. Kabla yake, Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu alijibizana kwa mashairi na washairi wa Mombasa katika miaka ya uhasama uliofika kwenye vita vya Shela. Shairi lililotoka upande wa pili halikuweza kuachwa bila jibu. Ukisoma kujibizana kule, usitazame ufundi wa vina peke yake. Tazama pia kwamba kila mtunzi alikuwa na mtu aliyemdai.

Wamarekani nao walikuwa na njia yao. Mwaka 1999, katika eneo la San Francisco, Chris Baty na wenzake, jumla yao watu 21, waliamua kila mmoja aandike riwaya ya maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja. Mwaka uliofuata wakauhamishia mpango huo Novemba, ukakua na kuenea duniani kwa jina la NaNoWriMo. Watu walikutana mikahawani na maktabani kuandika pamoja kimya, wakitajiana idadi ya maneno waliyofikisha. Taasisi iliyousimamia ilitangaza mwaka 2025 kwamba inafunga shughuli zake, lakini hakuna kinachowazuia watu wawili kukaa meza moja na kuandika.

Kutoka kwao chukua kukaa pamoja na kutajiana. Hesabu yao iache. Maneno 50,000 kwa siku 30 ni karibu maneno 1,667 kila siku, na mgeni akija nayo hapa huvunjika moyo wiki ya kwanza. Kiswahili hukusanya mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo hadithi ileile hutumia maneno machache kuliko kwa Kiingereza. Ukifuata idadi yao unajitwika kazi kubwa kuliko yao. Na anayetunga utenzi atahesabuje maneno? Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vyenye kina kimoja na cha nne kikibeba bahari, yaani kina kinachorudi katika kila ubeti wa utenzi mzima. Ubeti mmoja waweza kukumaliza alasiri. Utendi wa Mwana Kupona, kama unavyochapishwa kwa kawaida, una beti 102. Anayeleta beti tatu katika kila kikao hufika urefu huo kwa vikao 34. Jiwekee kipimo cha kazi yako mwenyewe, na kiwe kipimo ambacho siku mbaya pia inaweza kukibeba.

Sasa nirudi kwenye daftari, maana hapa ndipo wageni wengi huteleza. Ukisema utaandika kurasa mbili ukatoa mistari mitano, taja mistari mitano. Ukiwa umekaa kipindi kizima ukifuta, sema umefuta. Nako ni kuandika. Jibu tusilolipokea, tukaomba lisemwe upya, ni lile la “nimeendelea kidogo”, kwa kuwa haliachi kitu cha kukuuliza wiki ijayo. Tunaye bibi mmoja anayetunga kaswida. Siku moja aliulizwa, “Umefika wapi, bibi?” Akajibu, “Niko na kina kimoja tangu mlipoanza, hakijakubali.” Tukaandika hivyohivyo mbele ya jina lake: kina kimoja, hakijakubali. Kikao kilichofuata, kabla ya salamu kwisha, vijana wawili walitaka kujua habari za kile kina. Uwajibikaji ninaokutakia ni huo, wa watu kukumbuka ulipokwama. Hakuna anayegombezwa hapa, na akitokea wa kugombeza wenzake tutamwambia faraghani aache, kwa sababu anayeaibishwa hatarudi, na asiporudi hataandika.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulikubali. Usisome rasimu yako mbele ya kikao mpaka umeifikisha mwisho. Nimelitetea hili mara nyingi na sitaacha. Kijana mmoja wa Matondoni alikuja na simulizi ya mafundi wa majahazi, kazi nzuri yenye harufu ya mbao na mafuta ya papa. Aliomba kusoma sura ya kwanza, tukamruhusu, ikasifiwa sana. Kuanzia hapo kila alipokuja alirudi kwenye sura ileile kuing'arisha, kwani ndiyo iliyompa sifa. Sura ya pili haikuandikwa mpaka tulipokubaliana naye kwamba ya kwanza ibaki nyumbani, ndani ya sanduku. Sifa zikija mapema humpa mwandishi raha ya kumaliza kabla hajamaliza. Lawama zikija mapema humfanya aandike kwa kujihami. Kwa hiyo tuna siku ya kuandika na siku nyingine kabisa ya kusomeana, na anayesoma ni mwenye kazi iliyokamilika, hata kama haijapendeza.

Kuandika mbele ya watu kuna mipaka yake pia. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alieleza kwamba kuwapo kwa wengine humsaidia mtu katika kazi aliyoizoea, lakini humtatiza katika kazi mpya au ngumu. Mimi naliona hilo kila juma. Anayejua tukio linalofuata katika hadithi yake huandika upesi akiwa nasi. Anayetafuta bado umbo la hadithi nzima, nani asimulie na ianzie wapi, hukodolea karatasi macho na kutazama kalamu za wenzake zinavyokwenda. Huyo namshauri afanye kazi hiyo peke yake, alfajiri, au akitembea ufukweni kuelekea Shela, kisha alete kikaoni sehemu aliyokwisha kuielewa. Kabla hujafunga daftari lako jioni, andika mstari mmoja wa kesho: tukio gani, nani anaingia, anataka nini. Mstari huo ndio utakaokufanya uanze mara tu unapoketi.

Kuhusu wakati, sisi hukaa baada ya alasiri hadi karibu na magharibi. Adhana hutufungia kikao bila mjadala, na hilo limetusaidia kuliko saa yoyote. Kahawa chungu na kaimati huja mwisho, baada ya daftari. Zikija mwanzo, mazungumzo hayakatiki. Simu huwekwa kwenye kikapu, isipokuwa ya mwenye mgonjwa nyumbani au anayeandikia humohumo. Ramadhani ratiba hubadilika, tunakaa baada ya tarawehe na kipindi kinakuwa kifupi. Siku za Maulidi mji una wageni kila nyumba, na hatujidanganyi kwamba tutakusanyika. Kila mmoja huchukua ahadi ndogo na mwenza wa kumwuliza.

Mwenza huyo mchague kwa uangalifu. Rafiki yako wa damu atakusamehe upesi mno. Mtu unayemwogopa utamficha ukweli. Wanaofaa zaidi, kwa nilivyoona, ni wawili wenye heshima kati yao na kazi zisizofanana: mwenye utenzi na mwenye hadithi za watoto, mwanafunzi wa chuo mwenye tasnifu na mzee anayeandika kumbukumbu za familia. Hawashindani, na hakuna anayejifanya fundi wa kazi ya mwenziwe.

Utakosa siku. Utauguliwa, utasafiri, utachoka. Ukirudi usianze na maelezo marefu ya udhuru. Utaambiwa “Ndoo, keti”, yaani njoo uketi, utaulizwa unaandika nini leo, na ahadi ya zamani hailipwi kwa kuirundika juu ya mpya. Nimewaona watu wazuri wakipotea kabisa kwa sababu waliona deni lao limekuwa kubwa mno la kurudi nalo, na hakuna aliyekuwa akiwadai.

Ikiwa huwezi kufika, usingoje mpaka uweze. Tunaye mama wa Mkomani mwenye watoto wadogo ambaye alasiri kwake ndiyo saa ya vurugu. Yeye na mwenzake aliyeko Malindi hupigiana simu baada ya sala ya alfajiri, nyumba zikiwa bado zimelala. Kila mmoja hutaja anachoandika kwa sentensi moja, wanakata simu, wanaandika dakika 25, kisha wanapigiana tena na kusomeana sentensi ya mwisho waliyoiandika, bila ya kuisifu wala kuikosoa. Dakika zote hazizidi nusu saa. Ukitaka kuanza hivyo, tafuta mtu mmoja leo, mkubaliane siku na saa ya simu ya kwanza kabla hamjaagana, na umwambie mapema ni kazi gani utakuja nayo.